Barua ya Wazi kwa Madalali wa Nyumba wa Mombasa, juu ya Mpangaji Mnunuzi

Waungwana madalali,

Naomba ruhusa yenu niseme hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa barazani na watu wasio na njia ya kulifikisha kwenu ila kwa manung'uniko. Nalo ni mwenendo wa mikataba hii ya mpangaji mnunuzi, ambayo kwayo mtu huingia nyumbani akiwa mpangaji, akalipa mwezi kwa mwezi kwa miaka kadhaa, na mwisho wa muhula, masharti yote yakiwa yametimia, nyumba ikawa milki yake. Nawaandikia ninyi, wala si wenye nyumba wala si Serikali, kwa sababu moja iliyo bayana: mwenye nyumba aghalabu hamjui mnunuzi, na mnunuzi hamjui mwenye nyumba, lakini wote wawili wanawajua ninyi, ninyi ndio mnaopeleka maneno ya huyu kwa huyu, ninyi ndio mnaoileta karatasi mezani, na lile mtakalolizoea ninyi ndilo litakalokuwa desturi ya mji.

Sikuja kuulaani mkataba wenyewe. Mikopo ya nyumba ya mabenki katika Kenya nzima, kwa hesabu za Benki Kuu za mwisho wa mwaka 2023, ilikuwa kama 30,000 tu, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali: benki hutaka karatasi ya mshahara, na mtu wa kazi za kutwa bandarini, mwuza samaki, fundi cherehani na mwenye kibanda cha viungo pale Marikiti hawana karatasi hiyo, ijapokuwa kila mwezi hulipa kodi bila ya kukosa, na wengine wamelipa kodi hiyo mpaka wakazeeka. Shirika la Taifa la Nyumba limeutumia mpango wa mpangaji mnunuzi tangu zamani, na tangu ilipopitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, ambayo kwayo mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake hutoa kadiri hiyo hiyo, watu wengi zaidi wameanza kuamini kwamba nyumba inaweza kununuliwa kwa kudunduliza. Kwa hiyo huu ni mlango wa heri, na ninyi mmesimama kizingitini; dua yangu ni kwamba msiwe ninyi mtakaoufanya mlango huu uogopwe.

Tuchukue mfano, nao ni mfano wa hesabu tu, ili tusibishane kwa hewa. Nyumba ya vyumba viwili pande za Kisauni imekadiriwa kwa Sh 4,800,000. Mnunuzi anatoa amana ya Sh 480,000, na zile Sh 4,320,000 zilizobaki wanapatana azilipe kwa muda wa miaka 10. Nyumba kama ile kwa mpangaji wa kawaida ni Sh 20,000 kwa mwezi. Mpangaji mnunuzi yeye atalipa Sh 56,000, maana yake 20,000 ni kodi ya kukaa na 36,000 ni sehemu ya bei, na hizo 36,000 zikizidishwa kwa miezi 120 ndizo zile Sh 4,320,000 kamili. Mpaka hapa hapana dhuluma. Mwenye nyumba anapata kodi yake na bei yake, na mnunuzi anajua anakwenda wapi.

Lakini tuseme mtu huyu amelipa miaka saba bila ya kukosa, kisha kazi ikampungukia au maradhi yakamwangusha, akachelewa miezi miwili. Kwa hesabu ya insafu, ameshalipa kodi yote ya miezi 84 aliyokaa, na fauka ya hayo ameweka ndani ya nyumba ile Sh 3,024,000, na ukizijumlisha na amana ya siku ya kwanza zinakuwa Sh 3,504,000, yaani asilimia 73 ya bei. Sasa itazameni stakabadhi aliyokuwa akipewa kila mwezi na karani wenu: juu pana muhuri wa ofisi, chini pana saini, na katikati, mbele ya tarakimu ya 56,000, pameandikwa maneno matatu, kodi ya nyumba. Stakabadhi 84 zote zasema hivyo. Na mkataba nao, katika kifungu kilichoandikwa kwa herufi ndogo karibu na mwisho, wasema kwamba mpangaji akishindwa kulipa miezi miwili mfululizo, mkataba utavunjika na malipo yote yaliyotangulia yatahesabiwa kuwa kodi. Basi shilingi ile ile, siku ya kumshawishi mnunuzi iliitwa bei, na siku ya kumtoa inaitwa kodi. Na aliyeibadilisha jina hakuhitaji kuiba chochote, kwa kuwa karatasi zilimtangulia kusema.

Hili ndilo kubwa ninalokuja nalo, na yote yatakayofuata ni matawi yake: kila shilingi ijulikane jina lake siku inapotolewa, na jina hilo lisigeuzwe baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lipo, muhuri upo, na mali inapotea kwa habari ya maandishi. Kuandika safu mbili katika stakabadhi, ya kwanza kodi na ya pili sehemu ya bei, na chini yake jumla ya bei iliyokwisha kulipwa hadi mwezi ule, hakugharimu ofisi yoyote hata senti tano, wala hakumpunguzii mwenye nyumba haki yake. Na kifungu cha kuvunjika kwa mkataba nacho kiandikwe kwa kuifuata hesabu hiyo: mwenye nyumba achukue kodi ya miezi iliyokaliwa, achukue na fidia ya hasara iliyothibitika, na sehemu ya bei iliyobaki imrudie aliyeitoa, kwa muda watakaoafikiana.

Nakuja kwenye ujira wenu, na naomba mnisikilize bila ya hamaki, maana sisemi kwamba hamstahili kulipwa. Katika mfano wetu, kama ujira ni asilimia 3 ya bei, dalali atapata Sh 144,000, na kwa desturi iliyoenea fedha hiyo hukatwa katika amana, siku ile ile ya kutia saini. Tazameni matokeo yake. Dalali amelipwa ujira wa nyumba iliyouzwa, ilhali nyumba haijauzwa; itauzwa baada ya miaka 10, kama itauzwa. Tangu jioni ya siku ile hana faida yoyote katika kutimia kwa mkataba, na pengine, nami nalisema hili kwa majonzi, ana faida katika kuvunjika kwake, kwa kuwa nyumba ikirudi sokoni hupatikana mnunuzi mwingine, na amana nyingine, na ujira mwingine. Simtuhumu mtu kwa jina, lakini utaratibu unaomlipa mtu kwa kuanza na haumlipi kwa kumaliza utazaa mianzo mingi na miisho michache, hata kama wote wanaoufuata ni watu wa swala na saumu.

Kwa hiyo nashauri ujira ugawanywe mafungu matatu. Katika mfano wetu, Sh 48,000 zilipwe siku ya kutia saini, Sh 48,000 nyingine muhula ufikapo nusu, na Sh 48,000 za mwisho siku hati itakaposajiliwa kwa jina la mnunuzi. Mtaniambia kwamba dalali naye hula leo, na watoto wake hawangoji miaka 10. Ni kweli, lakini wengi wenu mnawakusanyia wenye nyumba kodi kila mwezi na mnapata ujira wa kazi hiyo, na mpangaji mnunuzi naye hulipa kila mwezi kupitia mikononi mwenu, na hapo pana riziki ya kudumu kwa atakayeshika daftari vizuri. Dalali anayejua kwamba thuluthi ya ujira wake imefungwa ndani ya hati atamkumbusha mnunuzi kabla hajachelewa, na atamwonya mwenye nyumba kabla hajaweka rehani.

Kisha semeni mapema ninyi ni mawakala wa nani. Hapana ubaya wowote wa dalali kulipwa na pande mbili maadamu pande zote mbili zinajua na zimeridhia. Ubaya ni mnunuzi kuamini kwamba dalali anamtetea, akamfunulia siri ya kiasi alicho nacho, kumbe dalali ni wa mwenye nyumba tangu asubuhi. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 inamtaka afanyaye kazi hii awe amesajiliwa na Bodi iliyowekwa na sheria hiyo, na mnajua vyema kuliko mimi jinsi walivyo wengi wanaofanya udalali kwa simu moja mkononi na bila ya cheti chochote. Ninyi mliosajiliwa mna haki ya kukasirika, kwani hao ndio wanaowaharibia jina. Lakini hasira yenu itakuwa na nguvu zaidi kama cheti chenu kitabandikwa mahali pa kuonekana, na kama kila mkataba utaanza kwa sentensi moja isemayo dalali huyu ni wakala wa fulani, na ujira wake unalipwa na fulani.

Sasa nafika kwenye yale yaliyo yetu sisi watu wa pwani, ambayo mkataba ulionakiliwa kutoka Nairobi hauyajui. La kwanza ni nyumba bila ardhi. Mombasa, kama mjuavyo, mtu anaweza kumiliki kuta, paa na mlango, ilhali kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Majumba mengi ya Majengo na ya mitaa mingine ya kale yamesimama juu ya mapatano ya namna hiyo, mengine yakiwa yamerithiwa vizazi kadhaa bila ya karatasi yoyote ila stakabadhi za kodi. Chanzo chake kimo katika historia: kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, watu wa ukanda wa pwani walitakiwa kuleta madai yao na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya wakati ule, hata wengi waliokuwa wamekaa na kulima tangu babu zao wakajikuta ni wapangaji juu ya ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Si haramu kuuza nyumba ya namna hiyo, na wengi wameuziana kwa amani. Lakini kumwuzia mtu kwa miaka 10 kuta ambazo mwenye kiwanja anaweza kudai zihame, bila ya kumwambia na bila ya kumwonyesha mkataba wa kiwanja, ni khiyana. Tena bei ya kuta haiwezi kuwa sawa na bei ya kuta pamoja na ardhi.

La pili ni wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi; hukodishwa tu, na pato lake likaenda pale alipoelekeza mwenye kuiweka. Mpangaji wa nyumba ya wakfu anaweza kukaa ndani yake miaka 40, akaitengeneza na kuipaka rangi mpaka majirani wakaiita yake, na bado hana cha kuuza. Kamisheni ya Wakfu ipo hapa hapa mjini, na kwenda kuuliza ni safari ya asubuhi moja.

La tatu, nalo ndilo lenye machozi mengi, ni mirathi. Nyumba ya marehemu ina warithi, pengine wanane, na mmoja wao ndiye aliyebaki nyumbani na ndiye anayekuja ofisini kwenu na ufunguo. Ufunguo si hujja. Kabla mirathi haijathibitishwa mahakamani, kwa Kadhi au penginepo kwa mujibu wa sheria, na kabla warithi wote hawajatia saini, na pasipo msimamizi aliyepewa madaraka hayo, yule mwenye ufunguo hana mamlaka ya kuuza hata dirisha. Mnunuzi aliyelipa miaka sita kisha akabishiwa hodi na dada wawili kutoka Jeddah wakidai fungu lao hatakuwa na mtu wa kumlaumu ila aliyemleta pale, na huyo ni dalali.

Ama kwa upande wa sheria za nchi, yatosha nitaje machache ambayo mnayajua lakini hamyafanyi daima. Mkataba wa kuuza ardhi, kwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, hausimami mahakamani mpaka uandikwe, utiwe saini na wahusika wote, na kila saini ishuhudiwe. Basi maneno ya mdomo na salamu za mkono, hata zikiwa za watu wa heshima, hazimlindi mnunuzi. Kuandika hati za uhamisho kwa ujira ni kazi ya wakili, wala si ya dalali, na ni vizuri mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, si yule aliyechaguliwa na mwenye nyumba. Na kwa kuwa miaka 10 ni mingi, na ndani yake mwenye nyumba anaweza kufa, kufilisika, kuweka rehani au kumwuzia mwingine mwenye fedha taslimu, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 71, imempa mwenye dai la kimkataba juu ya ardhi njia ya kuomba zuio liandikwe katika rejista, ili pasisajiliwe jambo jipya juu ya ardhi ile kabla yeye hajajulishwa. Zuio hili ndilo ngao ya mpangaji mnunuzi. Dalali mwaminifu atahakikisha kwamba rejista imepekuliwa kabla amana haijatoka mfukoni, na kwamba zuio limeombwa mara tu mkataba unapotiwa saini. Na mwenye nyumba atakayekataa zuio kuwekwa, aulizwe sababu.

Wengi wa wateja wenu, na wengi wenu pia, ni Waislamu, na wapo wanaouliza kama muamala huu ni halali. Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Lakini maulamaa wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Riyadh mwaka 2000, waliitazama ijara, yaani ukodishaji, inayoishia katika milki, wakakataza kuchanganya akidi, yaani mapatano, mbili zilizo mbalimbali, ya kukodi na ya kuuza, juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wakaruhusu sura ambazo ijara ni ijara ya kweli, na uhamisho wa milki una akidi yake peke yake. Katika hukumu walizozitoa mna jambo lenye manufaa hata kwa asiyekuwa Mwislamu: maadamu nyumba ingali ya mwenye nyumba, dhamana ya nyumba ni yake, na matengenezo makubwa ni juu yake, wala si juu ya mpangaji. Linganisheni hilo na mikataba yenu, ambayo aghalabu humtwika mpangaji mnunuzi kila kitu tangu siku ya kwanza. Mjuavyo, chumvi ya bahari hula chuma kilichomo ndani ya zege mpaka dari ikapasuka na vipande vikaanguka kitandani. Mtu ambaye kisheria ni mpangaji analazimishwa kutengeneza dari ya mwenye nyumba kwa hoja kwamba karibu itakuwa yake, kisha akishindwa kulipa miezi miwili anaambiwa haikuwa yake kamwe. Ama awe mnunuzi, apate haki za mnunuzi, ama awe mpangaji, apate haki za mpangaji. Kubeba mizigo ya wote wawili na kukosa haki za wote wawili ni jambo ambalo sheria ya dini hailipendi wala akili hailikubali. Na aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inashughulika na kuandika deni la muda na kuliwekea mashahidi. Sidhani kama twahitaji hujja kubwa kuliko hiyo.

Najua jawabu mtakalonipa. Mtasema wapo wapangaji wanunuzi wajanja, wanaoingia kwa amana ndogo, wakakaa, wakaacha kulipa, na kuwatoa kukawa kesi ya miaka. Mtasema mwenye nyumba hatakubali masharti haya, atakwenda kwa dalali asiye na masharti. La kwanza ni kweli, na dawa yake ni ile ile ya safu mbili: akiacha kulipa, hesabu yake inajulikana, kodi anayodaiwa inakatwa katika sehemu ya bei aliyoiweka, na mwenye nyumba hapotezi kitu, tena mtu anayejua kwamba atarudishiwa kilicho chake huondoka kwa hiari, na anayejua kwamba atapoteza vyote hung'ang'ania mpaka mwisho. La pili nalo ni kweli, kama mtabaki kila mmoja peke yake. Lakini ninyi mnajuana, mnakutana, na mnapeana habari za nyumba kila siku. Mkiafikiana juu ya karatasi moja, mwenye nyumba hatakuwa na pa kukimbilia ila kwa wale wasiosajiliwa, na hao mnunuzi mwenye akili atajifunza kuwaepuka.

Ombi langu basi ni hili, nalo halihitaji Bunge wala halihitaji hakimu. Kutaneni, mwafikiane juu ya karatasi moja ya Kiswahili itakayoambatishwa na kila mkataba wa mpangaji mnunuzi, isemayo wazi haya: nyumba hii ina ardhi au haina. Si wakfu na si mirathi isiyogawanywa. Rejista imepekuliwa tarehe fulani. Bei ni kadha, kodi ni kadha, sehemu ya bei ni kadha. Matengenezo makubwa ni juu ya fulani. Mkataba ukivunjika, fedha zitarudi kwa hesabu hii. Na ujira wa dalali utalipwa kwa mafungu, la mwisho hati ikishasajiliwa. Watakaokubali waandike majina yao chini ya karatasi hiyo, pamoja na nambari zao za usajili, na waibandike mlangoni pa ofisi zao, ili anayetafuta nyumba ajue ni mlango gani wa kubisha.

Wassalaam.

Ni mimi, jirani yenu,
Mombasa